Moto na Maji ya Bonde Moja

Sehemu kubwa ya maji ya bomba yanayotumika Dar es Salaam hutoka mto Ruvu. Mto huo huanzia milima ya Uluguru, Morogoro, hushuka hadi nchi tambarare ya Pwani, huchotwa na mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini, na maji yanayosalia huingia baharini karibu na Bagamoyo. Mkaa wa Dar es Salaam nao, kwa sehemu kubwa, njia yake ni hiyo hiyo: Kisarawe, Kibaha, Chalinze, Morogoro, Kilosa, na mbali zaidi Rufiji na Handeni. Kwa hiyo sufuria ya maharage inapotokota Mbagala au Kimara, kilicho ndani yake na kilicho chini yake vimetoka nchi moja. Miti iliyogeuzwa mkaa ndiyo iliyokuwa ikiyashika maji ardhini. Tunauchemsha mto kwa kuuchoma msitu wake.

Huwa tunayazungumzia mazingira kama kitu kilichoko mbali: theluji ya Kilimanjaro inayopungua, bahari inayokula fukwe, mikutano ya wakubwa katika miji ya kigeni. Jikoni hatufiki. Jikoni ni mahali pa shughuli, pa kelele za vyombo na haraka za watoto wanaokwenda shule, na anayepika hana nafasi ya kuwaza hali ya hewa ya dunia. Lakini mimi nimefikia kuamini kwamba hakuna chumba ndani ya nyumba kinachoigusa nchi kwa nguvu kuliko jiko. Sebule inaweza kukaa wiki nzima isidai chochote. Jiko hudai moto, maji na chakula mara mbili au tatu kila siku, na kila siku hutoa kitu cha kutupa.

Mwaka 2022 mvua za vuli zilipochelewa, Ruvu ulipungua hadi jiji likaingia kwenye mgao mkali wa maji. Ndoo zilipanga foleni, bei ya maji ya boza ikapanda, watu wakaamka usiku wa manane kusikiliza kama bomba limeanza kutoa. Chanzo cha shida ile kilikuwa ukame. Hata hivyo nchi yenye miti na nchi iliyokatwa miti haziupokei ukame sawasawa. Penye majani yaliyooza na mizizi, mvua huzama, ikakaa ardhini, kisha ikatoka polepole kwenye chemchemi miezi ya kiangazi. Palipo wazi, maji hukimbia juu juu yakibeba udongo, mto ukafurika kwa siku chache na kukonda kwa miezi. Katika wiki zile za mgao, malori ya mkaa yaliendelea kuingia mjini, na maji yaliyopatikana kwa taabu yakachemshwa kwa mkaa uleule. Sijaona mfano mwingine ulionionyesha wazi namna jiko langu lilivyofungamana na bonde nisilolikanyaga.

Anayetaka kuelewa jiko la mjini ni vizuri aanzie kwenye tanuri la mkaa. Wachoma mkaa hukata miti ya miombo, wakaikatakata magogo, wakayapanga kwa kubananisha ili hewa isipate nafasi. Juu yake hulaza majani na nyasi mbichi, halafu udongo, mpaka rundo lote linafanana na kaburi kubwa. Huacha tundu la kuwashia na vitundu vya moshi. Kuanzia hapo kazi ni kulinda. Moto ukipata hewa nyingi, magogo huwa majivu. Ukikosa kabisa, huzimika. Mchomaji hulala karibu na tanuri, akatazama rangi ya moshi. Ukiwa mweupe na mzito, maji ndiyo yanayotoka kwenye mti. Ukianza kuwa mwembamba wa samawati, mkaa unakaribia. Akiona ufa, huuziba kwa udongo hata kama ni usiku. Baada ya siku nyingi, wakati mwingine zaidi ya wiki, hulifukua, mkaa ukapoa, ukajazwa magunia ya lumbesa na kupangwa kando ya barabara.

Ni kazi ngumu na ya ustadi, nami siwezi kumdharau mtu anayeifanya ili watoto wake wale. Lakini hasara yake ni kubwa. Tanuri la kienyeji, kwa kila kilo 100 za kuni, mara nyingi hutoa kilo 10 hadi 20 tu za mkaa. Nguvu nyingi ya mti imekwisha potelea porini kabla gunia halijafungwa. Kisha mkaa huo unafika nyumbani na kuwekwa kwenye jiko la bati tupu, ambalo joto lake jingi hutoka ubavuni likapasha hewa ya uani. Ukijumlisha hasara ya porini na ya nyumbani, katika nguvu yote iliyokuwa ndani ya mti, inayoingia kwenye chakula haifiki hata sehemu moja ya kumi. Mti wa miaka mingi umeangushwa, na karibu wote umepotea njiani.

Watafiti waliofuatilia misitu inayolizunguka jiji kati ya mwaka 1991 na 2005 walikuta uharibifu unasambaa kama mawimbi kutoka mjini. Kila mahali kilitangulia kitu chenye thamani kubwa, yaani mbao za miti adimu, kisha zikafuata mbao za thamani ndogo, mwisho mkaa, ambao hauchagui mti. Mawimbi hayo yalisogea hadi kilomita 9 kwa mwaka. Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, ambayo wakazi wa jiji wangeweza kuifikia kwa safari fupi ya daladala, ni kati ya iliyoumizwa kwanza. Tangu hapo jiji limeongezeka sana. Umbali unaosafiri mkaa umeongezeka nao, na umbali huo ndio unaotuficha gharama. Mwanamke anayejitwika kuni mwenyewe kutoka porini anajua uzito wa kila kijiti, hivyo hawashi moto ovyo. Sisi tunaokutana na msitu ukiwa tayari ndani ya kopo mlangoni kwa muuza genge, hatuna kitu cha kutukumbusha.

Kabla sijaendelea niseme jambo moja, maana mazungumzo ya namna hii hugeuka upesi kuwa lawama kwa maskini. Karibu kaya nne kati ya tano nchini Tanzania bado zinategemea kuni au mkaa. Hazifanyi hivyo kwa kutopenda miti. Mkaa unauzwa kwa kopo, na kopo moja linaweza kununuliwa kwa pesa iliyopatikana leo. Mtungi wa gesi hujazwa kwa mkupuo mmoja, na mtu anayelipwa kwa siku hana mkupuo. Ndiyo maana mwenye kipato kidogo, akinunua kidogo kidogo, mwisho wa mwezi anaweza kuwa ametumia pesa nyingi kuliko jirani yake wa gesi, na kifua chake kimevuta moshi mwezi mzima. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa moshi wa majumbani ulichangia vifo vya watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Kwa Tanzania serikali hutaja takriban vifo 33,000 kwa mwaka. Wengi wanaovuta moshi huo ni wanawake, na watoto wanaobebwa mgongoni wakati mama anapika. Anayeumia kwanza kwa jiko baya ni yule aliye karibu nalo, msitu hufuata.

Kwa hiyo jiko linalojali mazingira halianzi dukani. Linaanza kwa kuheshimu joto, na hilo nililiona kwa bibi yangu mzaa mama, Bagamoyo, mtu ambaye hakuwahi kutamka neno mazingira kwa maana tunayoitumia sisi. Maharage yalilowekwa tangu jana yake. Asubuhi maji yale yalimwagwa kwenye mche wa mpapai, yakawekwa mengine, sufuria ikafunikwa, moto ukakolezwa. Sufuria ilipoanza kutokota nilitaka kuongeza mkaa ili yaive haraka, akanizuia.

“Mke mwenzangu, punguza huo moto. Moto hauliwi.”

“Bibi, hayajaiva.”

“Yataiva. Yakishachemka hayana pa kwenda.”

Miaka mingi baadaye ndipo nilipoelewa kwamba maneno yale ni elimu kamili ya sayansi. Maji yakishachemka pwani, usawa wa bahari, huwa yamefika nyuzi joto 100, na hayapandi tena hata ukirundika gunia zima chini yake. Kinachoongezeka ni mvuke unaotoka na mkaa unaokwisha. Maharage hayajui kama sufuria inarusha mapovu au inatokota taratibu; kwao joto ni lilelile. Njombe, kwenye mwinuko wa mita zipatazo 2,000, maji huchemka kwenye nyuzi kama 93, na ndiyo sababu maharage ya huko huchukua muda mrefu zaidi kuiva kuliko ya Tanga, hata moto uwe mkali namna gani. Sufuria ya presha hufanya kinyume chake: huuzuia mvuke, maji yakapanda hadi kama nyuzi 115 au 120, na chakula kigumu kikaiva kwa muda mfupi sana. Kuloweka, kufunika na kupunguza moto ni mambo matatu yasiyohitaji kununua kitu, na nyumba nyingi hazifanyi hata moja kati yake.

Lipo na jambo la nne, ambalo wanaolitumia husifia kwa mshangao. Ni kapu la kupikia. Unachukua kapu kubwa au boksi, ukalitandika ndani majani makavu ya migomba, nguo kuukuu au sponji, ukatengeneza na mto mzito wa kufunikia juu. Maharage yaliyolowekwa yakishachemka kwa nguvu kama dakika 15 au 20, sufuria inafunikwa vizuri na kuingizwa humo ikiwa bado inatokota, halafu mto unabanwa juu. Hakuna moto tena. Joto lililomo ndani ya chakula lenyewe ndilo linalomalizia kazi kwa saa kadhaa, na ukifungua unakuta yameiva bila kuungua chini. Wali hufaa vilevile. Chakula kikipoa kabla ya kuliwa, kirudishwe motoni kichemke tena, kwa ajili ya usalama. Mama mmoja anayeamka saa kumi usiku kupika kabla ya kwenda kibaruani, kapu hili linaweza kumrudishia usingizi wake, na hilo kwangu ni jambo la mazingira sawa na mti uliobaki umesimama, kwa sababu mtu naye ni sehemu ya nchi.

Baada ya ustadi ndipo kifaa. Majiko banifu yenye udongo wa kuchoma ndani na bati nje, ya aina iliyoenea Kenya tangu miaka ya 1980 na kuingia Tanzania, hupunguza mkaa kwa kiasi cha kuonekana, maana udongo huzuia joto lisitoroke ubavuni. Anayebaki kwenye mkaa asinunue tena jiko la bati tupu. Akimaliza kupika, mkaa uliobaki autie ndani ya debe lenye mfuniko. Ukikosa hewa huzimika, kesho unawashwa tena. Lakini asiupeleke chumbani kupasha joto wakati wa baridi au wa mvua. Mkaa unaowaka bila moshi bado hutoa hewa yenye sumu isiyo na rangi wala harufu, na hewa hiyo huua watu wakiwa usingizini.

Gesi ya mtungi imeokoa vifua vingi. Nayo haitoki kwetu: huletwa na meli, ni mafuta ya ardhini kwa sura nyingine, na ikiungua huongeza joto la dunia. Hata hivyo nikiiweka kwenye mizani pamoja na mkaa wa tanuri la kienyeji, mkaa unaoteketeza msitu usiopandwa tena, sioni haya kusema kwamba gesi ni nafuu kwa nchi na kwa anayepika. Siku hizi zipo mita zinazofungwa kwenye mtungi ili mtu alipie kadiri anavyotumia, kama alivyokuwa akinunua mkaa kwa kopo. Aliyewaza hivyo aliielewa shida ilipo. Tatizo la mkaa, kwa sehemu kubwa, ni tatizo la namna pesa inavyoingia nyumbani.

Tumaini langu kubwa zaidi liko kwenye umeme, ambao tumezoea kuuogopa. Watu wengi huamini kwamba kupikia umeme ni kumaliza LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Kwa majiko ya zamani ya koili na sufuria isiyokaa sawa, hofu hiyo ilikuwa na ukweli. Sufuria ya presha ya umeme ni kitu kingine. Imefungwa pande zote, imekingwa joto lisitoke, na ikishafika joto lake hukata umeme yenyewe, ikawa inajiwasha kwa vipindi vifupi tu. Maharage makavu huiva ndani yake kwa kama saa moja, yakatumia chini ya uniti moja. Uniti moja kwa mtumiaji wa kawaida mjini ni kama shilingi 350. Linganisha na mkaa wa kuchemshia maharage hayo hayo kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Ugali wa kusonga utaendelea kuhitaji jiko la wazi, na chapati pia, kwa hiyo sisemi mtu atupe majiko yake yote. Nasema vyakula vinavyokaa motoni muda mrefu, maharage, makande, nyama ngumu, supu ya kongoro, ndivyo vinavyokula msitu, na hivyo ndivyo presha inavyovimudu vizuri kuliko kitu kingine chochote.

Na umeme huo unatoka wapi? Sehemu hutoka kwenye gesi asilia ya Songo Songo na Mtwara. Sehemu kubwa sasa hutoka kwenye maji, hasa Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji, ambalo mtambo wake wa kwanza uliwashwa Februari 2024 na ambalo limejengwa kuzalisha megawati 2,115. Bwawa hilo lina gharama yake. Liko katika eneo lililokuwa Pori la Akiba la Selous, na miti mingi ilikatwa kulipisha. Lakini gharama hiyo imekwisha kulipwa, na jambo lililobaki mikononi mwetu ni kulilinda. Maji ya Rufiji hutoka Kilombero, Ruaha Mkuu na Luwegu, mito inayopita katikati ya miombo. Tukiendelea kuchoma miombo, mito hiyo itajaa tope na kukonda, na umeme utakonda nayo. Tukiwasha jiko kwa umeme wa Rufiji na kuuacha msitu wa Rufiji umesimama, msitu utalinda mto, mto utazungusha mtambo, na mtambo utapika maharage. Huo ni mzunguko unaoweza kudumu. Mkaa hauna mzunguko. Una mstari tu, na mstari huo unaishia kwenye jangwa.

Jiko halipokei tu, hutoa pia. Hapa tena nawakumbuka wazee wa pwani na nazi zao. Nazi ilipofuliwa, kumbi lilikwenda kulowekwa kwa ajili ya kamba au likasuguliwa vyombo. Kifuu kikawa upawa au kata, au kikatiwa motoni, na moto wake ni mkali. Nazi ilikunwa juu ya mbuzi, ikakamuliwa kwenye kifumbu, tui la kwanza likawekwa kando na la pili likapikiwa. Chicha iliyobaki wakala kuku. Makuti yaliezeka paa, na vijiti vyake vikawa fagio la chelewa lililofagia ua huo huo. Sitaki turudi kwenye mafiga na moshi wake. Macho ya bibi yangu yalikuwa mekundu kila jioni, na kikohozi chake nakikumbuka. Ninachotaka tukirithi ni jicho lile lililoona matumizi kabla ya kuona taka. Jicho hilo linaweza kuishi kwenye jiko la vigae na umeme bila shida yoyote.

Leo taka za jikoni ndizo sehemu kubwa ya uchafu wa nyumba zetu: maganda ya ndizi, ya viazi na ya maembe, mabua ya mchicha, ugali uliobaki. Zinafungwa pamoja na chupa na karatasi, zikapakiwa kwenye kirikuu au gari la taka, zikasafirishwa hadi dampo la Pugu Kinyamwezi. Kule, zikilundikana na kukosa hewa, huoza kwa namna inayotoa methani, gesi ambayo kwa kipindi cha miaka 20 hupasha dunia joto zaidi ya mara 80 kuliko hewa ya ukaa ya uzito uleule. Maganda hayo hayo yakiwekwa kwenye ndoo kuukuu iliyotobolewa, tabaka la mabichi na tabaka la majani makavu au pumba, yakageuzwa mara kwa mara ili yapate hewa, hugeuka mboji. Mboji hiyo kwenye gunia moja la udongo barazani inatosha kuotesha matembele na mchicha wa mboga kadhaa. Nyama, samaki na mafuta visitiwe humo, vitaita panya na inzi. Nyumba isiyo na ua inaweza kumpa maganda hayo jirani mwenye kuku.

Kubwa kuliko mboji ni kutotupa. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilieleza mwaka 2024 kwamba kila mtu duniani, kwa wastani, hupoteza kilo 79 za chakula kwa mwaka nyumbani kwake, na kwamba jambo hili haliko kwa matajiri peke yao. Tunapomwaga sufuria ya wali uliochacha tunamwaga na mpunga wa Kilombero, mkaa ulioupika, maji ya Ruvu na jasho la watu. Kiporo ni heshima. Wali wa jana uliopashwa vizuri asubuhi na chai, maharage yaliyobaki yakatiwa nazi, mkate mkavu ukachovywa mayai ukakaangwa: hivi ni vyakula vyetu tangu zamani, na hakuna sababu ya mtoto kuona haya mgeni akimkuta anakula kiporo. Mazoea ya kupika kwa kukadiria, ya kupika “cha kutosha na kubaki” ili tusionekane wachoyo, nadhani wakati wake wa kuyapima upya umefika. Ukarimu haupungui kwa sufuria iliyolingana na walaji.

Kuhusu plastiki sina maneno mengi, kwa kuwa hapo tumeshajifunza kitu. Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania, miaka kama miwili baada ya Kenya, na watu waliodhani haiwezekani walizoea kwa muda mfupi. Vikapu vilirudi sokoni. Kilichobaki ni vifungashio vidogo vya nyanya, vya karanga, vya chipsi za moto, ambavyo anayekwenda sokoni na kapu lake na kontena lake anaweza kuvikataa vingi. Somo kubwa la mwaka 2019 ni kwamba mazoea ya jikoni hubadilika upesi pale sheria, soko na nyumba zinapoamua siku moja.

Somo hilo ndilo ninalolitaka kwenye moto. Wahenga walisema figa moja haliinjiki chungu. Mpishi peke yake, kwa kuloweka maharage na kufunika sufuria, amefanya sehemu yake, na sehemu hiyo ni ya kweli. Lakini hawezi kujivutia umeme, hawezi kupunguza bei ya mtungi, hawezi kulinda msitu wa Kisarawe akiwa jikoni. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, umeweka lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Lengo hilo ni letu wote kulidai, kwa mjumbe, kwa diwani na kwa mbunge, kama tunavyodai barabara na zahanati. Na mchoma mkaa anayeachishwa kazi ana haki ya kupewa kazi nyingine. Ukimnyang’anya shoka bila kumpa jembe, atarudi porini usiku.

Lipo na figa lililomo ndani ya nyumba zetu wenyewe. Katika nyumba nyingi anayepika si anayeshika pesa. Televisheni hununuliwa kwa mkupuo, simu hununuliwa kwa mkopo, na sufuria ya presha ya umeme huonekana anasa, kwa sababu anayeamua hakai kwenye moshi. Kila mara nimeona nyumba ikibadilisha jiko upesi pale ambapo baba alianza kupika, au pale mama alipokuwa na pesa yake. Kwa hiyo hatua ya kwanza ya kulifanya jiko lipatane na mazingira naiona hapa: wanaokula wote waingie jikoni. Mvulana afundishwe kusonga ugali na kupunguza moto sufuria ikitokota. Baba aende mwenyewe kununua mkaa kwa mwezi mmoja, auhesabu, aone moshi unakokwenda. Bajeti ya jiko ipangwe mezani na anayepika awepo, neno lake likiwa na uzito kuliko la mwingine yeyote. Msitu wa Uluguru na mto Ruvu vinangoja uamuzi unaofanywa kwenye meza hiyo, na uamuzi huo unaweza kufanywa mwezi huu, kwa mshahara huu huu.